Mlima wa Soni Hushukwa kwa Gia

Ukitoka Lushoto kwenda Mombo, pikipiki haidai mafuta mengi. Njia yenyewe inakusukuma. Ni kilomita 33 hivi za lami nyembamba, na ndani yake unashuka karibu mita 1,000, kutoka baridi ya Usambara hadi joto la barabara kuu ya Arusha. Kwa sababu hiyo vijana wengi wa kijiwe chetu cha bodaboda wana tabia ambayo sijawahi kuipenda. Wakishavuka Soni tu wanaweka fri, wengine wanazima na injini kabisa, ati petroli ibaki ya kurudia. Sikiliza: pikipiki inayoshuka kwenye gia huku mafuta yamekatwa hunywa kidogo mno. Kinachookolewa hakilipi hata chai na chapati pale Mombo.

Kinachopotea ni kikubwa zaidi: breki zenyewe. Pikipiki, mimi, abiria na furushi lake la peasi tunaweza kufika kilo 250. Uzito huo ukishuka mita 1,000, nishati yake ingetosha kuchemsha karibu lita 7 za maji. Nyingine huondoka na upepo, nyingine huishia kwenye matairi. Iliyobaki, kama hukuweka gia, yote inakwenda kwenye breki. Breki ya ngoma ikishika moto hupoteza nguvu: unakanyaga, pedali inashuka, na pikipiki inaendelea na safari yake. Wenye diski nao wasicheke. Oili ya breki ikichemka hufanya mapovu, ukiminya mkono unabonyea bure.

Gia inafanya kazi ya breki bila kuchoka. Mimi nashuka na ya pili kwenye kona kali, ya tatu panaponyooka, na injini naiacha ilalamike. Breki naigusa na kuiachia, naigusa na kuiachia, ipate muda wa kupoa.

Sasa kona. Mwendo hupunguzwa kabla ya kuingia. Ukiingia kona kwa kilomita 40 kwa saa badala ya 20, tairi linahitaji mshiko mara nne, si mara mbili, na lami haikuongezei hata chembe. Ukishainamisha pikipiki, breki ya ghafla inakulaza chini. Basi punguza mapema, bonyeza usukani polepole upande unaokwenda, pikipiki italala yenyewe, kisha peleka macho kule kona inakoishia. Anayelitazama korongo hulifuata. Hili nimeliona kwa wengi, na wote walikuwa na akili timamu.

Kona ya kulia ndiyo inayonitisha zaidi. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukilala kulia karibu na mstari wa kati, matairi yako yapo upande wako lakini kichwa chako kimeshaingia upande wa basi linalopanda. Kaa mbali na mstari. Kona ya kushoto ina shida nyingine: ukuta wa mlima unakuziba, huoni kama mbele kuna lori la kabichi limesimama. Piga honi, hata kama abiria atakuona mshamba.

Mvua na ukungu sina haja ya kuvieleza sana. Matone ya kwanza ndiyo mabaya, yanaamsha oili na vumbi vya siku nyingi. Halafu njia za mashambani humwaga tope katikati ya lami. Na mishikaki, yaani kubeba abiria zaidi ya mmoja, mlimani ni wazimu, kavu au mvua.

Nawe abiria, kofia ngumu ivae, usiipakate. Ukisikia injini imenyamaza kwenye mteremko, mguse dereva begani umwambie, "Kaka, weka gia." Akikujibu kwamba anaijua njia, mwambie asimame, ushuke, umlipe alipofikia. Magari ya Mombo yanapita hapo hapo.