Safari hii hatukumwacha mtu nyuma

Mwezi wa Juni, katika ukungu na baridi ile wanayoijua wakazi wa Arusha, sisi wanachama wa kikundi kidogo cha waendesha baiskeli cha Bondeni tulimwacha mwenzetu njiani. Ni mzee wetu, mwalimu mstaafu, ambaye ndiye aliyewashawishi wengi wetu kupanda baiskeli baada ya daktari wake kumtaka aushughulishe mwili kwa sababu ya kisukari. Tulikuwa tukirudi mjini. Mnyororo wake ulikatika karibu na Usa River, nasi tulikuwa mbele, kila mmoja akimfukuza mwenzake. Hatukugundua kwamba hayupo mpaka tulipokaa Tengeru na chai zimekwisha kumiminwa. Alikokota baiskeli yake peke yake kwa zaidi ya saa nzima, mpaka gari la maziwa lilipompakia.

Hakutulaumu. Alitusalimu, akanywa chai yake, akalipa. Kisha kwa wiki tatu hakuonekana.

Tulipokwenda nyumbani kwake kumwomba radhi, alituuliza swali moja tu: “Mlikuwa na amiri?” Hatukuwa naye. Na hakuna kati yetu asiyejua kwamba watu watatu wakitoka safarini wamefundishwa kumteua mmoja wao awaongoze. Tunalifanya hilo tukikodi basi kwenda mazikoni Kondoa au Tanga. Kwa baiskeli hatukudhani kwamba ile nayo ni safari.

Basi tukamteua amiri, fundi cherehani mmoja asiyependa maneno mengi. Uamuzi wake wa kwanza ulikuwa kwamba yeye ataendesha nyuma kabisa, wala hapatakuwa na mtu nyuma yake. Vijana wakacheka: kiongozi gani anayekaa mkiani? Akawajibu kwamba katika masimulizi ya safari za Mtume (s.a.w.) imepokewa kuwa alikuwa akibaki nyuma ya msafara, akimsaidia aliye dhaifu na kumpakia asiye na kipando. Mjadala ukaishia hapo. Tukafanya safari fupi fupi za kujizoeza, na Jumamosi moja ya Oktoba, mijakaranda ya mjini ikiwa imechanua na barabara zimetapakaa maua ya zambarau, tukatoka tena kuifuata njia ile ile.

Tulikuwa kumi na saba. Wanawake walikuwa wanne, na mmoja wao ni binti wa miaka kumi na minne aliyekuja na baba yake. Kwa kuwa kina mama wengi hutuuliza, tuseme hapa jinsi wenzetu hawa wanavyojisitiri: suruali pana ndani, gauni linaloishia chini ya goti, na shungi fupi lililobanwa vizuri chini ya kofia ngumu. Baibui refu halifai. Si suala la mjadala wa sheria. Pindo lake huingia kwenye mnyororo, na mwenye kuanguka mbele ya lori hana nafasi ya pili. Baiskeli yenye kifuniko cha mnyororo ni bora zaidi, na mafundi wa mjini wanaweza kukifunga kwenye baiskeli isiyokuwa nacho.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza limechomoza na Mlima Meru umesimama wazi bila hata kipande cha wingu. Mwezi Juni hatukuuona kabisa. Tulipita Mnara wa Saa, ambao watu wa Arusha hupenda kuwaambia wageni kwamba uko katikati ya njia ya Cairo na Cape Town, tukaingia barabara ya Moshi. Tangu barabara ya njia mbili ya Sakina hadi Tengeru ikamilike, magari yana nafasi zaidi, lakini pia yana kasi zaidi, na bodaboda hupita popote panapopitika. Kwa hiyo tulikwenda katika mstari mmoja, binti yule akiwa katikati, baba yake nyuma yake. Mstari huo una faida nyingine: anayemfuata mwenzake kwa karibu hukingwa upepo, na hutumia nguvu kidogo kuliko anayetangulia. Ndiyo maana wa mbele walibadilishana kila baada ya dakika chache. Wale wanaofuatilia mashindano wanajua kwamba hata mabingwa hufanya hivyo. Vijana wetu walikuwa bado wakizungumzia mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani yaliyofanyika Kigali mwezi Septemba 2025, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika.

Kutoka mjini hadi Tengeru na Usa River njia inateremka kwa jumla. Arusha iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kila unapokwenda mashariki unashuka. Hapo ndipo mgeni anapodanganyika. Hujiona hodari, miguu myepesi, akasahau kwamba mteremko wote huo ataulipia wakati wa kurudi, tena jua likiwa kichwani.

Tengeru ilikuwa siku ya soko. Kabla hujaliona soko lenyewe unakutana na baiskeli zake: Phoenix za zamani zilizoimarishwa kwa nondo, zimebeba mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa, madebe ya maziwa, matenga ya nyanya. Wenye baiskeli hizo hawapandi; wanazisukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzigo. Tuliwapita kwa salamu. Hatukukaa. Ziwa Duluti liko jirani tu, limejificha kwenye msitu wake ndani ya kreta, na hapo Tengeru pia ndipo walipoishi wakimbizi wa Kipoland wapatao 5,000 wakati wa Vita Kuu ya Pili. Makaburi yao yapo hadi leo. Mwalimu alitaka kutusimulia habari hizo kwa kirefu, amiri akamwomba aziweke kwa safari nyingine.

Mbele kidogo ya hapo tulisikia filimbi. Mnyororo ulikuwa umekatika tena, safari hii wa mwenzetu mmoja ambaye ni dereva wa daladala. Tulisimama sote. Yule mwenye kisanduku cha vifaa akagundua, kwa fedheha, kwamba kifaa cha kufungulia mnyororo amekisahau nyumbani. Tulikuwa tumejipanga kwa kila kitu isipokuwa hicho.

Alikuwa akija kutoka upande wa Usa River bwana mmoja na mikungu minne ya ndizi, akiisukuma kupanda kwenda sokoni. Aliona kundi limesimama, akaiegemeza baiskeli yake kwa mti wenye panda anaoutembeza kwa kazi hiyo, akaomba aone. Alitumia msumari na mawe mawili, akaitoa pingili iliyovunjika, akaziunganisha zilizobaki. Mnyororo ukawa mfupi kidogo lakini ukazunguka. Alipokuwa akipangusa mikono alituuliza tunakwenda wapi.

“Ngurdoto, mzee wangu.”

“Kuna nini huko?”

“Tunazunguka tu, kisha tunarudi.”

“Mmebeba nini?”

Tukamwambia hatukubeba kitu. Alituangalia mmoja baada ya mwingine, na kofia zetu na vizibao vyetu vya rangi kali, kama mtu anayesubiri tumalize sentensi. Tulimpa kitu kidogo, akakataa. Tukanunua mkungu mmoja kwa bei aliyoitaja yeye, tukagawana ndizi hizo pale pale. Zilikuwa mbivu. Aliondoka akicheka, na hatuna hakika kwamba hakuwa na haki ya kucheka.

Baada ya Usa River tuliiacha lami, tukakata kushoto kuelekea mlimani. Hapa ndipo mtu anapoelewa kwa nini tunatoka mjini. Migomba na kahawa vimekaa pamoja, mifereji ya Wameru inapitisha maji kando ya njia, watoto wanakimbia sambamba nawe wakiomba wapande. Vumbi lilikuwa jekundu na laini, na kila anayetangulia alimlisha anayefuata. Tulikwenda polepole mno kwa kipimo cha vijana. Tulisimama kabla ya kufika lango la Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambayo ilianzishwa mwaka 1960 ikiitwa kwa jina la kreta ya Ngurdoto. Kuingia kuna taratibu na ada zake. Sisi tulikaa kivulini, tukanywa maji, tukautazama mlima. Ni mrefu kupita mita 4,500, na upande huu wa mashariki umebomoka tangu zama za kale, hivyo unaona kama bakuli lililovunjwa ukingo.

Adhuhuri tuliiswali Usa River, katika msikiti mdogo ambao wenyeji wake walitutandikia mikeka nje kwa sababu ya vumbi tulilokuwa nalo. Mwenzetu mmoja aliuliza kama tunaweza kupunguza swala. Akajibiwa kwamba masafa yetu hayajafika hata nusu ya yanayohitajika, na kwamba uchovu wa miguu si udhuru.

Kisha ukaja mlima wa kurudi, na mambo yakawa mazito. Binti yule alichoka kabla ya kufika Tengeru. Hakulia, lakini alinyamaza kabisa, na baba yake akaanza kusema watapanda daladala. Amiri aliwaita vijana wawili wenye nguvu, akawaweka mmoja mbele yake na mwingine upande wa barabara, na wote kumi na saba tukaenda kwa mwendo wa msichana mmoja, tukipumzika katika kila kivuli. Ilituongezea zaidi ya saa nzima. Mmoja wa vijana hao ni bodaboda na alikuwa na abiria wake wa saa tisa. Alimkosa, na fedha zake zikaenda. Alilisema hilo waziwazi jioni ile, bila hasira lakini bila kulificha. Wenzake wawili wamesema mwendo huo hauwafai na wataanza kutoka peke yao siku za Alhamisi. Hatuwezi kuwazuia. Kijana ana haki ya kukimbia.

Tulifika Bondeni baada ya Alasiri, saa kumi kasoro. Mwalimu alisimama mlangoni kwa muuza juisi ya miwa, akaanza kutuhesabu kwa kidole, kama darasa. Akapata kumi na sita. Uso wake ukabadilika, akaanza upya kutoka mwanzo, polepole, mpaka binti yule alipotokea nyuma ya mashine ya miwa, glasi mkononi, akauliza nani anatafutwa.