Je, Wajua? Land Rover ya Zamani Huliwa na Kutu kwa Ndani

Land Rover ya miaka ya 1960 hudanganya macho kwa urahisi. Milango imebonyea, rangi imepauka, lakini ukilizunguka gari lote huoni kutu ya maana. Wanunuzi wengi hufurahi hapo na kuanza kuhesabu fedha. Wanachokitazama ni bodi ya aluminiamu, na aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Kinachobeba injini, gia, abiria na mizigo ni chesisi ya chuma iliyojificha chini, na chesisi hiyo huanza kuoza mahali ambapo jicho halifiki.

Gari hili ni mtoto wa uhaba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kiligawiwa kwa vibali Uingereza, huku aluminiamu ya viwanda vya ndege ikipatikana kwa wingi. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, Wales, na shambani alitumia Jeep iliyobaki vitani. Yeye na kaka yake Spencer, aliyeiongoza kampuni, wakaamua kutengeneza gari lao la shamba. Likaonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948.

Mashine kubwa za kukandamiza mabamba ya chesisi zilikuwa ghali, kwa hiyo kiwandani Solihull walikata vipande virefu vya bamba na kuchomelea vinne vinne hadi vikawa boriti yenye pande nne na uwazi katikati. Boriti mbili hutoka mbele hadi nyuma, na nyingine fupi hukingama kati yake, mfano wa ngazi iliyolazwa. Bamba lenyewe lina unene wa takriban milimita 2 tu. Ubunifu huu ni wa hali ya juu. Boriti iliyofungwa pande zote haikubali kusokoteka kirahisi kama ile iliyo wazi upande mmoja, na gari linalopita kwenye mashimo huku gurudumu moja likining'inia hewani linahitaji sifa hiyo kuliko nyingine yoyote.

Lakini uwazi huohuo ndio mlango wa maradhi. Chesisi ina matundu ya boliti, ya nyaya na ya kutolea maji. Tope na maji huingia humo, hutuama, na matundu ya kutolea maji yakiziba hakuna kinachokauka. Kutu inahitaji chuma, maji na oksijeni. Chumvi ikiongezeka, umeme mdogo unaopita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine hupata njia rahisi na kazi inakwenda mbio. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba chuma huliwa zaidi chini ya tope lenyewe, mahali ambapo oksijeni ni haba, kuliko pembeni palipo wazi. Tofauti hiyo ya oksijeni inatosha kuanzisha mkondo wa umeme, na sehemu iliyofunikwa ndiyo inayoyeyuka. Kwa hiyo upande wa chini wa boriti hutoboka kutoka ndani kuja nje. Rangi ya nje inaweza kubaki inang'aa hadi wiki ambayo bamba linapasuka.

Kule Uingereza adui mkuu ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Kwetu ni hewa ya bahari. Gari lililoishi Tanga, Mombasa au Unguja lina hatari kubwa kuliko lililozeekea Dodoma au Isiolo, ingawa tope la masika lisiposafishwa huweza kuliangusha hata la bara.

Unajuaje basi? Kwa sikio. Chukua nyundo ndogo, lala chini ya gari, gonga polepole kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali na nyundo huruka. Chuma kilichooza hutoa sauti butu, na mara nyingi utasikia magamba yakidondoka ndani ya boriti. Hapo bonyeza kwa bisibisi. Ikizama, umepata jibu. Sikiliza zaidi boriti ya kukingama ya nyuma kabisa, inayopigwa na tope la magurudumu, kisha mikono inayotoka pembeni kushikilia bodi, na sehemu zote zinazoshika springi. Lami nzito iliyopakwa juzi kwenye gari la miaka 50 nayo inastahili kutiliwa shaka.

Tukija kwenye matengenezo, hapa ndipo fundi wa kweli na mbahatishaji hutengana. Mbahatishaji hukata kiraka, hukibandika juu ya kutu, huchomelea kingo, hupaka rangi. Kiraka hicho kimeshikwa na chuma kilichokwisha kufa, na chini yake kimefungia unyevu uleule ulioleta ugonjwa. Kwa maoni yangu ni afadhali tundu lililo wazi, kwa kuwa linaonekana na linamtisha dereva, kuliko kiraka kinachompa imani ya uongo akiwa amepakia watu 10.

Fundi wa kweli huanza kwa kuandaa. Hukata umeme wa betri. Hushusha tangi la mafuta, ambalo kwenye Land Rover nyingi za aina hii liko chini ya kiti cha mbele cha kulia. Hukumbuka pia kwamba nyaya za taa za nyuma hupita ndani ya boriti yenyewe, kwa hiyo huzivuta kwanza zisiungue. Kisha hulipandisha gari kwenye stendi imara zilizo sawa, hupima umbali wa kona kwa kona, na huchomelea vyuma vya muda vya kushikilia chesisi isicheze. Akikata boriti bila vishikizo hivyo, chesisi hujikunja kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha gari kwenda upande maisha yake yote.

Hukata akivuka kutu mpaka afike kwenye chuma kizima, kinachong'aa na chenye unene wake wa asili. Chuma kipya kiwe cha unene uleule. Bamba nene zaidi linaonekana kama ulinzi, kumbe hupeleka nguvu zote kwenye mpaka wa kinene na chembamba, na ufa huanzia hapo. Viungo vya juu, chini na pembeni visikae kwenye mstari mmoja. Vipishanishwe, na ncha za kipande kipya zikatwe mshazari. Anachomelea vipande vifupi, hapa kidogo, kisha upande wa pili, ili joto lisipindishe boriti, lakini mwishowe mshono uwe mmoja usiokatika. Mafundi wetu wanaotumia vijiti vya kuchomelea huhitaji kijiti chembamba na mkono mtulivu, kwani bamba la milimita 2 hutoboka upesi.

Kazi haijaisha. Moto umeunguza rangi upande wa ndani, na chuma kilicho uchi ndani ya boriti kitaoza haraka kuliko cha zamani. Lazima apulize nta ya kuzuia kutu ndani kwa mpira mrefu, na azibue matundu ya kutolea maji.

Iwapo kutu imeenea boriti zote mbili, viraka havifai tena. Badilisha chesisi nzima. Land Rover inaruhusu hili kwa sababu bodi imefungwa kwa boliti. Uingereza bado zinatengenezwa chesisi mpya zilizochovywa katika zinki ya moto wa nyuzijoto karibu 450. Zinki hujitoa mhanga: hata ikikwaruzwa, huliwa yenyewe kwanza na kukiacha chuma. Magari ya majaribio ya mwaka 1948 yalikuwa na chesisi za namna hiyo, kisha uzalishaji ulipoanza zikapakwa rangi tu. Anayetaka kuchovya yake asiache uwazi wowote uliozibwa kabisa, maana unyevu ulionaswa hulipuka ndani ya zinki iliyoyeyuka. Wala asichomelee chuma chenye zinki kabla ya kuisaga. Moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka.

Kabla ya kukata au kubadilisha, angalia namba ya chesisi imegongwa wapi. Kwenye nyingi iko mbele kulia, penye kishikio cha springi, na bila namba hiyo utapata shida kubwa ya umiliki. Piga picha, kisha waulize wanaosajili magari, NTSA kwa Kenya au TRA kwa Tanzania, kabla fundi hajashika grenda.

Ukaguzi wa kila mwaka wa Uingereza huliangusha gari lililooza vibaya ndani ya sentimita 30 kutoka sehemu zinazoshika springi, usukani au mikanda ya usalama. Gari lililotimiza miaka 40 bila mabadiliko makubwa huko halilazimiki tena kukaguliwa, kwa hiyo mkaguzi anayebaki ni mwenye gari.

Nawe ukienda kununua Land Rover ya zamani, beba nyundo ndogo na tochi. Muuzaji akikukataza kugonga chesisi, rudi nyumbani na fedha zako.