Akiba ya Mtoto Ikigeuka Hatari: Mnunuzi Ana Haki Gani?

AKIBA haiozi, walisema wahenga, na hakuna anayelifuata neno hilo kama mzazi. Kifungua mimba akishatoka katika beseni lake, kitanda chake na kigari chake, vitu hivyo hufungwa kwa nailoni na kuwekwa juu ya kabati vikimsubiri mdogo wake. Ni busara, kwani vitu vya watoto ni ghali na mtoto huvitumia miezi michache tu. Lakini je, msomaji, umewahi kujiuliza utafanyaje iwapo akiba hiyo itamuumiza mtoto wa pili?

Swali hili lilibisha hodi nyumbani kwa dada yangu mkubwa, ambaye anaishi Molo. Wanaoijua Molo wanaijua baridi yake. Mwezi wa Julai ukungu hukaa mashambani hadi jua lipande, na jiko la makaa huwa ndilo rafiki wa kila nyumba. Asubuhi moja ya mwezi huo, mwaka jana, dada alikuwa jikoni akimenya viazi huku mwanawe wa miezi tisa akizungukazunguka katika kigari cha kujifunzia kutembea, kile ambacho wengi wetu hukiita woka. Mara mguu mmoja wa kigari ukakatika. Mtoto alianguka kifudifudi, kidevu kikagonga sakafu ya saruji, shubiri moja tu kutoka kwenye jiko lililokuwa likiwaka.

Alishonwa nyuzi tatu, akapona. Mama yake ndiye aliyekosa usingizi kwa siku kadhaa, kila mara akilikumbuka lile jiko.

Kigari hicho hakikuwa cha mtumba. Alikuwa amekinunua kikiwa kipya, kwa Sh4,500, katika duka moja mjini Nakuru miaka miwili na nusu awali. Kifungua mimba alikitumia kwa miezi mitano, kisha kikawekwa. Basi dada alikifunga kwa kamba, akapanda matatu hadi Nakuru.

"Mama, kitu cha miaka miwili na nusu unakirudisha leo?" mwenye duka alimuuliza, kisha akamwonyesha kibao kilichokuwa ukutani: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi.

"Mzee, sikuja kurudisha," dada alimjibu. "Nimekuja kukuonyesha kilichompasua mwanangu kidevu."

Mwenye duka alitikisa kichwa, akamgeukia mteja mwingine.

Wengi wetu tungekata tamaa hapo. Ukweli ni kwamba mazungumzo yangepaswa kuanzia hapo.

Kibao hakishindi sheria

Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayohitaji kuhusu bidhaa hizo, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kulipwa fidia anapopata hasara au jeraha kutokana na kasoro ya bidhaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji wa Bidhaa ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika Machi 2013, inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi kwamba bidhaa yake ni ya ubora unaofaa kuuzwa, hata kama hakutamka neno. Maandishi yoyote yanayojaribu kuifuta ahadi hiyo ni batili.

Kwa hivyo kile kibao, na yale maneno yanayochapishwa chini ya risiti, yanaweza kumzuia mtu aliyebadili nia kuhusu rangi. Hayawezi kumfukuza mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

Umri wa bidhaa

Utauliza, je, miaka miwili na nusu si mingi? Sheria haiulizi tu umri wa bidhaa. Inauliza bidhaa ilikuwa katika hali gani siku ilipouzwa. Kitu chaweza kutoka kiwandani na kasoro iliyojificha, nayo ikajitokeza baada ya miaka. Kwa upande mwingine, kama kigari kiliachwa mvuani kikapata kutu, au kilibebeshwa mtoto wa miaka minne, lawama haiwezi kuwa ya muuzaji. Kisichokuwa haki ni kudai bidhaa kuukuu iwe kama mpya.

Hapa ndipo dada yangu alipofanya jambo la maana. Aliporudi Molo alikipeleka kigari kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Fundi alikigeuza, akaonyesha kwamba miguu mitatu ilikuwa imechomelewa kuzunguka chuma chote, lakini ule uliokatika ulikuwa umeshikizwa kwa nukta mbili tu. Hapakuwa na kutu wala alama ya kugongwa. Aliyaandika hayo kwenye karatasi, akatia sahihi. Karatasi hiyo ilikuwa na uzito kuliko kelele zote ambazo dada angepiga dukani.

Hata hivyo, haki ina muda wake. Madai yanayotokana na mapatano ya kununua na kuuza yana miaka 6. Madai ya jeraha lililosababishwa na uzembe yana miaka 3. Na ukidanganywa ili ununue, mathalani kuambiwa kitu ni kipya kumbe kimetumika, sheria ya 2012 inakupa mwaka mmoja wa kuyavunja mapatano hayo. Usikalie haki yako kama kuku anayeatamia.

Na kama ulipewa zawadi?

Vitu vingi vya watoto hatuvinunui wenyewe. Huletwa na shangazi, au jirani aliyemaliza kuzaa. Je, asiyenunua ana haki?

Jibu lilitoka mbali. Mnamo Agosti 1928, mwanamke mmoja katika mji wa Paisley, Scotland, alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake. Alipokwisha kunywa sehemu, inasemekana mabaki ya konokono aliyeoza yalitoka chupani, na mwanamke huyo akaugua. Hakuwa amelipa hata senti, kwa hivyo hakuwa na mapatano na yeyote. Hata hivyo, mwaka 1932 majaji wa Bunge la Malodi mjini London waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kumchunga yule atakayeitumia bidhaa, hata kama si mnunuzi. Kesi hiyo, Donoghue dhidi ya Stevenson, bado hutajwa katika mahakama zetu.

Kwa mtumba mambo ni magumu zaidi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inasema kwamba ukikikagua kitu kabla ya kukinunua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kwa hivyo ukiwa sokoni tikisa, vuta, kalia, pindua. Macho yako ndiyo wakili wako wa kwanza.

Kitu kibovu hakistaafu

Msomaji, usidhani mambo haya ni ya vigari vya bei rahisi tu. Aprili 2019, kampuni ya Fisher-Price iliwataka wateja nchini Marekani warudishe vitanda vya kubembelezea watoto viitwavyo Rock 'n Play, vipatavyo milioni 4.7, baada ya watoto zaidi ya 30 kufariki. Januari 2023 ilibidi tangazo lirudiwe. Kufikia wakati huo vifo vilivyoripotiwa vilikuwa vimekaribia 100, na angalau vinane kati yake viliripotiwa kutokea baada ya tangazo la kwanza. Vitanda vilikuwa vimebaki majumbani.

Nchini kwetu, Aprili 2024, Bodi ya Famasia na Sumu iliagiza shehena moja ya dawa ya kikohozi ya watoto, Benylin, iondolewe madukani, baada ya wakaguzi wa Nigeria kusema wamepata ndani yake kiwango cha juu cha sumu. Mtengenezaji alisema vipimo vyake havikuiona sumu hiyo. Lakini dawa yenyewe ilikuwa imetengenezwa Mei 2021, na huenda chupa kadhaa zilikuwa zimekaa katika makabati ya watu kwa muda mrefu. Ndiyo maana nambari ya shehena kwenye chupa si pambo.

Na kuhusu woka zenyewe, Kanada ilizipiga marufuku Aprili 2004, zikiwemo zilizokwisha kutumika. Hata isiyo na kasoro humpa mtoto mwendo wa kufika kwenye ngazi, sufuria au jiko kabla mzazi hajainua kichwa. Katika nyumba yenye jiko la makaa sakafuni, hilo ni jambo la kufikiria sana.

Ufanye nini?

Kwanza, acha kukitumia kitu hicho, lakini usikitupe wala kukitengeneza. Ndicho shahidi wako. Kipige picha, na utunze karatasi za hospitali.

Pili, tafuta thibitisho la ununuzi. Risiti ikipotea, ujumbe wa M-Pesa unaweza kuonyesha ulilipa nani, lini, na kiasi gani.

Tatu, mwandikie muuzaji barua, ueleze kasoro na unachotaka, na umpe siku za kujibu. Baki na nakala.

Nne, akikaa kimya, peleka malalamiko kwa shirika la kukadiria ubora wa bidhaa nchini, KEBS, au kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo pia hushughulikia maslahi ya wanunuzi. Ukitaka kulipwa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe katika siku 60. Karani wa mahakama iliyo karibu nawe atakuelekeza.

Dada yangu hakufika mahakamani. Aliandika barua ya ukurasa mmoja, akaambatisha karatasi ya fundi na ya hospitali. Siku ya tisa mwenye duka alimpigia simu. Alimrudishia bei ya kigari na gharama ya matibabu, na dada alipopita dukani baadaye, vigari vya aina ile havikuwapo tena. Hilo ndilo lililomfurahisha zaidi.

Kisha jirani mmoja akaja kukiomba kigari. Alisema mumewe angeuchomelea mguu ule, na angetoa Sh500. Dada alimtazama mtoto mgongoni mwa yule mama, akakataa. Alikipeleka kwa fundi wake, kikakatwa vipande mbele ya macho yake.