Kukomaa na Kuiva: Wakati wa Kuvuna katika Kibanja cha Kagera

Tunda hupita hatua mbili kabla ya kuliwa. Kwanza hukomaa: hufikia ukubwa wake, mbegu hukamilika, na nyama yake hujaa wanga, mafuta au sukari kutoka kwenye mmea. Kisha huiva: hulainika, hubadilika rangi na kuanza kunukia. Yapo matunda yanayoweza kuimaliza hatua ya pili yakiwa yamekwisha kukatwa, na yapo yasiyoweza. Katika vibanja vya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, ambako migomba, mibuni, miparachichi na maharage huota pamoja kuizunguka nyumba, aina zote mbili zimesimama bega kwa bega, na anayezivuna zote kwa kuangalia rangi tu hupoteza sehemu kubwa ya jasho lake.

Ndizi za kupika, ebitoke, hukatwa zikiwa kijani kabisa. Alama ya kuaminika ni umbo. Ndizi changa ina pembe kali ubavuni; kadiri wanga unavyoingia, pembe hizo hufutika na ndizi huwa ya mviringo. Mabaki meusi ya ua yaliyo kwenye ncha hukauka, na yakiguswa hupukutika. Vichana vya juu hutangulia kwa sababu ndivyo vilivyofunguka kwanza, hivyo mkungu hupimwa kwa kuvitazama hivyo, si vile vidogo vya chini. Tangu mkungu uchomoze hadi ukatwe hupita miezi mitatu hadi mitano kufuatana na aina na hali ya hewa. Bukoba iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na joto lake la wastani ni la nyuzi 20 hivi tu, kwa hiyo mkungu huko hujaa polepole kuliko ule wa pwani. Kuhesabu miezi peke yake kunaweza kudanganya. Pembe za ndizi hazidanganyi.

Katika ndizi mbichi iliyokomaa, wanga huwa kiasi cha moja ya tano ya uzito wa nyama yake, wakati mwingine zaidi. Ndizi ikiiva, wanga huo karibu wote hugeuka sukari na kubaki asilimia moja au mbili. Ndiyo maana ebitoke zilizochelewa kukatwa hupoteza ule ugumu mzuri wa chunguni na kuanza utamu usiotakiwa. Kwa embile, ndizi za pombe, utamu huo ndio unaotafutwa. Hizo huachwa zikomae sawasawa, kisha huvundikwa, ama kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba ama kwenye kichanja juu ya moto wa jikoni. Zikikatwa changa, zitalainika lakini sukari yake itakuwa haba, na juisi ya kutengenezea olubisi, yaani pombe ya ndizi, itakuwa kidogo.

Kinachofanya kazi ndani ya shimo lile ni gesi iitwayo ethilini. Mwaka 1901 Dimitry Neljubow, mwanasayansi wa Urusi, alionyesha kwamba gesi hiyo, iliyokuwemo katika gesi ya taa, ndiyo iliyopotosha ukuaji wa miche ya njegere. Mwaka 1934 Richard Gane wa Uingereza alithibitisha kwamba tunda lenyewe, tofaa, huitoa linapoiva. Ndizi, embe, papai, parachichi na nyanya ni za kundi hilohilo: tunda moja likianza kuitoa, huyaamsha ya jirani yake nayo yakaitoa. Majani yaliyofunika shimo huizuia gesi isitawanyike, na moshi wa jikoni nao unayo. Kuvundika ni elimu kubwa iliyofikiwa kwa mikono karne nyingi kabla ya maabara kuieleza, na inastahili kuheshimiwa hivyo.

Rangi ya njano iliyotangulia wakati ni jambo jingine, na ni la hatari. Mnyauko wa bakteria, ambao wengi huko Kagera huuita unyanjano, uliripotiwa nchini Tanzania mwaka 2006, baada ya kugunduliwa Uganda mwaka 2001. Mgomba uliougua huivisha ndizi mapema na bila mpangilio, nyingine njano na nyingine bado kijani katika kichana kimoja, na pembe zake zikiwa bado kali. Ndizi hiyo ikikatwa, nyama yake huwa na mabaka ya kahawia, na shina lililokatwa hutoa usaha wa njano. Mkungu kama huo haukuwahi kukomaa, umegeuzwa rangi tu na ugonjwa. Panga lililoukata likitumiwa kwenye mgomba mwingine bila kusafishwa kwa moto au kwa dawa ya klorini, huupeleka ugonjwa huko. Wadudu wanaotembelea ua dume huueneza pia, na ndiyo sababu ua hilo huondolewa kwa kijiti chenye panda badala ya kisu mara vichana vya mwisho vinapokwisha kujitokeza.

Parachichi halilainiki likiwa mtini. Linaweza kukaa huko likiwa limekomaa kwa wiki nyingi, likizidi kuongeza mafuta, na huiva baada tu ya kuchumwa. Aina nyingi hubaki kijani wakati wote, kwa hiyo jicho halisaidii sana. Jaribio zuri ni kuchuma matunda mawili matatu makubwa na kuyaweka ndani. Yakilainika sawasawa katika wiki moja hadi siku kumi, mti uko tayari. Yakisinyaa na kuwa kama mpira, bado. Ukipasua tunda, ngozi ya kokwa nayo hutoa habari: katika tunda changa ni nene na nyeupe, katika lililokomaa ni nyembamba, kavu na ya kahawia. Tunda huchumwa likiwa na kikonyo kifupi, maana kikinyofolewa, kidonda kinachobaki hukaribisha uozo.

Nanasi haliwezi kusubiri hivyo. Halina akiba ya wanga ya kugeuza sukari, utamu wake wote hutoka kwenye mmea, na siku linapokatwa kuongezeka kwake hukoma. Nanasi lililokatwa changa litageuka njano sokoni na kubaki kali. Macho yake yakisha kutanuka na kulala bapa, njano ikaanza kupanda kutoka chini na harufu ikasikika, ndipo hukatwa.

Kahawa ya robusta inayolimwa kando ya migomba hiyo hudai subira kubwa zaidi. Tangu ua hadi tunda jekundu hupita miezi tisa hadi kumi na moja, na tawi moja hubeba mabichi, ya njano na mekundu kwa pamoja, hivyo mchumaji hurudi kwenye mbuni uleule mara kadhaa. Tunda bichi lina buni nyepesi isiyojaa, nayo ikinywewa huwa na ladha ya majani. Uchumaji wa mapema mara nyingi hausababishwi na ujinga bali na uhitaji: katika butura, mkulima huuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ndogo, ili apate fedha ya ada au ya matibabu, na mnunuzi hana haja ya kungoja. Mahali pekee ambapo tunda bichi lina haki yake ni katika akamwani, kahawa ya kutafuna, ambayo huchumwa kabla ya kuwa nyekundu, ikachemshwa pamoja na majani yenye harufu na kukaushwa.

Mboga za majani, kama mchicha na mnavu, hufuata sheria iliyo kinyume. Thamani yake iko katika uchanga. Mmea ukianza kutoa maua, nguvu huhamia kwenye mbegu, majani hupungua na kuwa na nyuzinyuzi. Huchumwa asubuhi, wakati majani yamejaa maji ya usiku na bado hayajanyauka.

Maharage ya kuhifadhi huvunwa maganda yakiwa ya njano na kuanza kukauka, kabla hayajapasuka. Kuyaacha shambani kwa muda mrefu kunawapa nafasi wadudu wa ghalani, ambao hutaga mayai yao kwenye maganda yanayokauka na kuingia nyumbani pamoja na mavuno. Baada ya kupurwa, huanikwa mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13 hivi. Punje iliyofika hapo huvunjika ikitafunwa. Ile ambayo bado ina maji huingiwa na jino na kubaki na alama yake.