Unahamia ng'ambo kuzeeka? Kadi ya bima hubaki nyumbani

Wafanyabiashara wengi wa mipakani wana miji miwili. Duka liko Busia ya Kenya, shamba liko Busia ya Uganda. Au mzigo wa vitunguu unatoka upande wa Tanzania, lakini wajukuu wanasoma Kajiado. Nguvu zikipungua, si ajabu mtu kuamua kumalizia maisha upande ambao si wa pasipoti yake.

Kuvuka si tatizo. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hupewa kibali cha matembezi cha hadi miezi sita, na kati ya Kenya, Uganda na Rwanda kitambulisho cha taifa kinatosha tangu mwaka 2014. Tatizo huanza usiku ule presha inapopanda na hospitali inauliza nani atalipa.

Nchi zinazopokea wastaafu wengi wa kigeni zimelijibu swali hilo mapema, tena kwa ukali. Thailand hutoa viza ya mwaka mmoja ya aina ya O-A kwa mgeni mwenye umri wa miaka 50 au zaidi. Tangu Oktoba 2019 ilimtaka awe na bima ya baht 400,000 kwa kulazwa na 40,000 kwa matibabu ya kutwa. Baadaye kiwango kilipandishwa hadi kinga ya baht milioni 3, yaani kama dola 100,000. Wazee waliokataliwa na kampuni za bima kwa sababu ya umri au maradhi walijikuta wakitafuta viza ya aina nyingine.

Umoja wa Ulaya ulichukua njia tofauti. Mstaafu wa nchi moja mwanachama anayehamia nyingine hubeba fomu iitwayo S1. Anatibiwa huko kama mwenyeji, na nchi inayomlipa pensheni ndiyo inayobeba gharama. Fomu moja tu, na mzee haanzi upya.

Sisi tuna ahadi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inampa mfanyakazi anayehamia nchi nyingine mwanachama haki ya mafao ya hifadhi ya jamii kama wafanyakazi wa huko, na inalipa Baraza la Mawaziri kazi ya kutunga kanuni zake. Lakini isome Ibara ya 14, inayohusu ukaazi. Imemtaja aliyeingia kama mfanyakazi au aliyejiajiri, pamoja na mwenzi, mtoto na mtegemezi wake. Mstaafu hana nafasi yake mwenyewe. Aliyefunga duka hubaki kutafuta hifadhi chini ya mtoto anayefanya kazi huko. Kenya ina kibali cha daraja la K kwa mgeni asiyefanya kazi, ila kinadai kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka. Ni muuza nafaka gani wa Sirari mwenye pensheni hiyo?

Mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 una cheti chake chepesi cha kuvukia. Mwenye mzigo hana kinacholingana nacho kwa ajili ya mwili wake.

Kwa hiyo hesabu inabaki ya nchi moja moja. Kenya, tangu Oktoba 1, 2024, NHIF imeondoka na kuipisha SHA. Sheria mpya inamtambua mgeni anayeishi nchini kwa zaidi ya miezi 12, naye anatakiwa kujiandikisha. Anayekuja kwa muda mfupi anatakiwa awe na bima ya safari. Mchango ni asilimia 2.75 ya kipato cha kaya, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Hapo mchuuzi wa kila siku huumia.

Rwanda ina mutuelle, iliyo chini ya RSSB tangu 2015. Mwaka wake wa michango huanza Julai 1. Uganda haina mfuko wa taifa wa bima ya afya: muswada uliopitishwa na Bunge Machi 2021 haukusainiwa. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Zanzibar nayo, tangu Oktoba 2024, huwauzia wageni bima ya lazima ya dola 44, lakini kinga yake ni ya siku 92. Hiyo ni ya mtalii, wala si ya kuzeekea.

Zinabaki kampuni binafsi, ambazo baadhi yake huuza bima inayotumika Afrika Mashariki nzima. Nyingi huweka ukomo wa umri wa kujiunga, na anayekuja na kisukari au presha husubiri miezi kadhaa kabla kinga ya maradhi hayo kuanza. Aliyejiunga akiwa na miaka 50 na kuendelea kulipa huwa na nafasi nzuri kuliko anayebisha hodi akiwa na 66.

Kabla ya kusaini, uliza mambo matatu: ukomo wa umri wa kujiunga na wa kuendelea, hospitali za upande wa pili zinazoipokea kadi hiyo bila kukudai fedha taslimu kwanza, na iwapo kinga hukatika ukikaa nje ya nchi yako zaidi ya siku fulani. Hilo la tatu huandikwa kwa herufi ndogo, na ndilo linalomhusu anayehama.