KWA NINI TUNAMWOGOPEA KARAMA?

Jioni moja huko Madibira, msimu wa kuvuna mpunga, tuliketi na akina mama wenzetu wa kanisani. Binti mmoja wa sekondari alitusomea Kusadikika, kitabu cha marehemu Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1951. Alipofika pale Karama anaposimama peke yake barazani mbele ya mfalme, mama mmoja aliyekuwa akipepeta mchele aliuweka ungo chini. "Mwanangu huyo, watamwua!" akasema.

Sote tulijua kwamba Kusadikika si nchi ya kweli. Mwandishi ameiweka hewani. Basi kwa nini mama yule alishtuka?

Tukumbuke kisa chenyewe. Waziri Majivuno anamshtaki Karama kwa sababu ametaka kufundisha watu elimu ya sheria. Karama hana panga wala askari. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, kutafuta mambo ya kuwafaa wananchi. Kila mmoja aliporudi na mema aliyojifunza, alifungwa gerezani.

Hapo ndipo tunapojiona. Nani kati yetu hajapata kuadhibiwa kwa kusema jambo jema? Shujaa mwenye nguvu nyingi tunamshangilia tu. Lakini mnyonge mwenye hofu kama yetu, ambaye hata hivyo anafungua kinywa, huyo tunamwita mwanangu.

Yuko shujaa mwingine tunayemlilia. Ni yule farasi mchapakazi katika kitabu cha George Orwell cha mwaka 1945, ambacho Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa jina la Shamba la Wanyama mwaka 1967. Farasi yule hufanya kazi kuliko wote, huwaamini wakubwa wake, wala hahoji. Nguvu zinapomwishia, anauzwa akachinjwe. Akina mama wengi wanamfahamu farasi huyo, maana wanamwona kila siku kwenye kioo.

Baada ya kusoma, mama yule mwenye ungo alituuliza: "Mnunuzi akija kesho na lumbesa, nani atasema?" Tukanyamaza. Kila mkulima wa mpunga anajua lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa na kuongezwa kilemba, huku bei ikibaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo hairuhusu. Lakini asiyeijua sheria ataidai vipi haki yake? Kumbe kosa la Karama lilikuwa kutaka tujue!

Neno la Mungu nalo lina mashujaa wa namna hii. Katika Kutoka sura ya kwanza, wakunga Shifra na Pua waliamriwa na Farao kuwaua watoto wa kiume wa Waebrania. Hawakuwa na cheo wala silaha, ila walimcha Mungu, nao wakawaacha watoto waishi.

Wapenzi akina mama, tusiwakataze watoto wetu vitabu hivi kwa kuwa vina huzuni. Tusome pamoja nao, kisha tuwaulize: ungekuwa wewe, ungefanyaje? Na mtoto akitugeuzia swali hilo, tumjibu kweli. Katika hadithi Karama alishinda, na wafungwa wakafunguliwa. Lakini kwanza ilibidi mtu mmoja aseme.