Kuzama Majini Si Ushahidi wa Dhahabu

Kila nikipita Epulu naulizwa swali lilelile, na kila anayeniuliza hulileta kama jambo lililokwisha kuamuliwa: "Mwalimu, nimekitia kwenye glasi ya maji, kimezama moja kwa moja. Si ni dhahabu?"

Hapana. Huenda kweli ni dhahabu, lakini si maji yaliyokuambia hivyo. Maji yamekuambia neno moja tu: kipande hicho ni kizito kuliko maji ya ujazo uleule. Kokoto yoyote ya mto Epulu ingekuambia vivyo hivyo.

Tazameni hesabu. Lita moja ya maji ina kilo 1. Ujazo huohuo wa kwatzi, lile jiwe jeupe linaloandamana na dhahabu, una kilo 2.65. Pirite, inayong'aa njano na kuwadanganya wengi, ina takriban kilo 5. Shaba ya njano ina karibu kilo 8.5, shaba nyekundu karibu 9, risasi 11.3, dhahabu tupu 19.3. Vyote hivi viko juu ya kilo 1, kwa hiyo vyote huzama. Kipimo kinachopitisha kila kitu hakijapima kitu. Anayekuuzia kipande kwenye glasi ya maji huku akisema "jionee mwenyewe" amekuonyesha tu kwamba hakuuzii ubao.

Wakibanwa hapo, wengine hukimbilia mwendo: "Lakini kimezama haraka!" Mwendo wa kuzama hautokani na uzito peke yake. Umbo na ukubwa vinaingia pia. Chembe bapa ya dhahabu halisi hushuka ikiyumbayumba, na punje ya mviringo ya risasi hushuka wima bila kuchelewa. Ukiamua kwa jicho, utakumbatia risasi na kuitupa dhahabu.

Upande wa pili wa imani hii una hasara kubwa zaidi. Husemwa kwamba kinachoelea ni bandia. Si kweli hata kidogo! Dhahabu laini kama unga, ikiwa kavu au imeguswa na mafuta ya vidole, hukaa juu ya maji ingawa ina uzito mara 19 ya maji. Uso wa maji umejivuta kama ngozi, na chembe ndogo mno haina uzito wa kuupasua. Ndiyo maana waoshaji wazoefu wa dhahabu hutia tone la sabuni ndani ya karai la kuoshea mchanga: sabuni huilegeza ngozi hiyo na chembe hushuka. Asiyelijua hilo humwaga mapato yake mwenyewe mtoni akidhani ni takataka.

Najua hoja inayofuata: "Kama maji hayajui kitu, mbona karai linatenganisha?" Linatenganisha kwa sababu linalinganisha vitu viwili ndani ya maji. Kitu kilichozama hupungukiwa na uzito sawa na wa maji kiliyoyasukuma. Hewani, dhahabu ina uzito kama mara 7 ya kwatzi ya ujazo uleule. Ndani ya maji, toa 1 kila upande: dhahabu inabaki na 18.3, kwatzi na 1.65, na tofauti inapanda hadi mara 11. Kwatzi husombwa, dhahabu hubaki. Mchanga mweusi wenye chuma nao, ambao uzito wake ni kama mara 5 ya maji, hubaki chini pamoja nayo. Basi hata karai halisemi "hii ni dhahabu." Linasema "hivi ni vizito kuliko vile," halafu jicho la mwoshaji linamalizia kazi.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu linaharibu maisha. Epulu imo ndani ya Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, iliyoanzishwa mwaka 1992, ikaandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka 1997 ikatiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kuchimba humo ni kinyume cha sheria. Nimewaona vijana wakiacha shamba la familia na kuingia msituni, na ushahidi wao wote ulikuwa kipande cha pirite kilichozama kwenye glasi.

Swali la kuyauliza maji ni moja: kipande kimesukuma maji kiasi gani? Chukua mizani ya wanunuzi inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Pima kipande kikiwa kikavu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga kipande kwa uzi mwembamba, ukining'inize kizame chote bila kugusa chini wala ubavuni, na uondoe mapovu. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Kwa kipande cha gramu 10, kabla ya kugawanya, dhahabu tupu itasoma 0.52, risasi 0.88, shaba ya njano karibu 1.18, pirite karibu 2. Dhahabu yenye fedha sehemu moja kati ya kumi itasoma takriban 0.56.

Yaliyobaki, upesi. Chini ya gramu 3 kosa la mizani linakuwa kubwa, usijisumbue. Jibu la mgawanyo likishuka chini ya 19.3, kipande kinaweza kuwa na kwatzi ndani, hivyo usimwite mtu mwizi kabla hujakichunguza. Jibu likiwa 19.3 usishangilie bado: wolframu ina uzito uleule na hupakwa dhahabu juu. Gonga kwa nyundo: dhahabu hubonyea, pirite huvunjika. Sumaku huondoa mchanga mweusi, lakini haiigusi shaba wala risasi. Asidi ya nitriki huila shaba na kuiacha dhahabu. Mwachie fundi mwenye dirisha wazi na glavu. Zebaki usiilete kabisa: haipimi kitu, maana hunasa fedha na risasi pia, mvuke wake huharibu ubongo, na ile inayomwagika mtoni, kwa uzito wake wa mara 13.5 ya maji, hutulia mchangani na kuishia ndani ya samaki tunaowala. Na muuzaji akikataa kipande chake kipimwe kwa mizani, mrudishie, ubaki na pesa zako.